Nje ya Nini? Pingamizi Dhidi ya "Mkulima wa Nje"

Utangulizi

Yapo maneno yanayoingia katika lugha kwa kubisha hodi, na yapo yanayoingia yakiwa yamekwisha kujitafutia kiti. Neno ambatano la Kiingereza "outgrower" ni la aina hii ya pili. Tangu miaka ya 1970 limekaa Mumias kama mwenye mji. Limo katika mikataba ya miwa, katika stakabadhi za malipo, katika jina la kampuni iliyoundwa kuwatetea wakulima, katika sheria za Bunge na katika hotuba za mawaziri. Watafsiri wetu nao, kwa haraka yao ya kutafuta kisawe, wamelipokea jinsi lilivyo na kulivika kanzu ya Kiswahili: "mkulima wa nje". Makala haya yanaipinga tafsiri hiyo. Yanadai kwamba haikosei kwa sababu ya ugumu wa neno, bali kwa sababu imetii mno. Imeufasiri uongo kwa uaminifu.

Tuseme mapema yale ambayo hatuyasemi. Hatusemi kwamba Kiswahili kisikope. Lugha iliyoipokea "sukari" kutoka Kiarabu, neno ambalo asili yake ya mbali ni Kisanskriti, haiwezi kuona haya kukopa. Wala hatusemi kwamba Mumias ni mahali ambapo Kiswahili ni mgeni anayehitaji kutafutiwa makao. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipiga kambi katika makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga katika karne ya 19, kabla serikali ya Kiingereza haijaweka afisa wake hapo katika miaka ya 1890. Waliokuja na misafara hiyo walileta biashara, walileta Uislamu ambao ungalipo hadi leo, na walileta Kiswahili. Kwa hiyo tunapoijadili istilahi ya miwa ya Mumias kwa lugha hii hatuazimi jembe la jirani. Tunalolipinga si ukopaji wa neno, bali ukopaji wa mahali pa kusimama: kukubali kuitazama ardhi ya Mumias kutoka dirisha la ofisi ya kiwanda, kisha kuyaita yale yanayoonekana kutoka dirishani humo ndiyo hali halisi ya dunia.

Umbo la Neno

Tuanze na umbo lake. Neno hili lina sehemu tatu: "out", yaani nje, "grow", yaani kukua au kuotesha, na kiambishi "er" kinachomtaja mtenda. Kiingereza kina kitenzi "outgrow" ambacho maana yake ya kawaida ni kukua hata kukipita kipimo cha kitu, kama mtoto anavyokua hata shati la mwaka jana likambana kwapani. Lau maana hiyo ndiyo iliyofuatwa, "outgrower" angekuwa mtu aliyemzidi mwenziwe kimo. Huyo angekuwa mtu wa kuheshimiwa. Lakini maana iliyofuatwa si hiyo. Iliyofuatwa ni ile ya maneno mengine ya ukoo huo: "outhouse", kibanda kilichotengwa na nyumba kubwa, aghalabu choo, "outpost", kituo cha askari kilicho mbali na makao makuu, "outlaw", mtu aliyetolewa nje ya ulinzi wa sheria, "outcast", aliyetengwa na watu wake. Jamaa wa karibu zaidi ni "outworker", fundi wa Ulaya wa zamani aliyefuma nyumbani mwake kwa nyuzi za tajiri, akampelekea tajiri kitambaa na kulipwa kwa kipande.

Maneno haya yote yanafanana katika jambo moja. Sehemu yake ya kwanza hutaja mahali, lakini mahali penyewe hapatajwi. Mtu huambiwa yuko nje pasipo kuambiwa nje ya nini. Kitovu kimefichwa ndani ya neno, na kwa kuwa kimefichwa hakuna anayekihoji. Mjadala ukianza, tayari yupo aliye ndani na yupo aliye nje, na aliye nje ndiye anayepaswa kujieleza. Wanafunzi wetu wa uhakiki hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kuuliza, kila wasomapo hadithi: nani anasimulia, na amesimama wapi? Ajabu ni kwamba swali hilo tunaliuliza kwa riwaya, lakini tukiletewa mkataba wa miwa tunalisahau. Neno "outgrower" lina msimulizi. Msimulizi huyo ni kiwanda.

Kiini na Ganda

Historia ya Mumias inatuonyesha jinsi usimulizi huo ulivyoanza. Uchunguzi kuhusu uwezekano wa kilimo cha miwa katika eneo hilo ulikabidhiwa kampuni ya Booker ya Uingereza mwaka 1967. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, serikali ya Kenya ikiwa mwenye hisa nyingi na Booker wakiwa wasimamizi wa shughuli zake. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1973. Mpango uliofuatwa ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza kulikuwa na shamba la kampuni yenyewe, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 3,000, ambalo kwa Kiingereza liliitwa "nucleus estate", yaani shamba la kiini. Pili kulikuwa na wakulima wa vijiji vilivyolizunguka, waliolima miwa katika ardhi zao wenyewe na kuiuzia kampuni. Hawa ndio walioitwa "outgrowers". Mwaka 1975 ikaundwa kampuni ya kuwaunganisha na kuwapitishia mikopo, nayo ikabeba neno hilohilo katika jina lake: Mumias Outgrowers Company, maarufu kwa kifupi chake, MOCO.

Zingatia, msomaji, jinsi istilahi hizi mbili zinavyoshikana mikono. Pasipo kiini hapana nje, na pasipo nje hapana kiini. Kiini ni neno zuri sana. Kiini cha yai ndicho chenye uhai. Kiini cha jambo ndicho chenye maana. Kilichobaki ni ute na ganda. Sasa tutazame hesabu. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za miwa iliyosagwa Mumias katika miaka yake ya neema zilitoka kwa hao walioitwa wa nje. Shamba la kiini lilitoa ile sehemu moja iliyosalia. Kiwanda kilichopata kutoa zaidi ya nusu ya sukari yote iliyotengenezwa nchini Kenya kilisimama juu ya mabega ya watu ambao lugha yake iliwaweka ukingoni. Yai gani hilo ambalo ganda lake ni sehemu tisa na kiini chake ni sehemu moja? Kiswahili kina neno ambatano lake linalofaa hapa, wala halihitaji kutafsiriwa: kiinimacho.

Hata hivyo, hesabu siyo hoja yetu kuu. Hoja kuu ni ya ardhi na ya wakati. Ardhi ya shamba la kiini haikuwa tupu. Ilitwaliwa na serikali kutoka kwa familia zilizokuwa zikiishi na kulima humo, zikalipwa fidia na kuhama. Wale waliobaki kuizunguka walikuwa katika ardhi za babu zao. Hawakuhamia mahali popote. Kilichohama ni kitovu. Siku moja mtu alikuwa katikati ya shamba lake, makaburi ya wazazi wake yakiwa nyuma ya nyumba. Siku ya pili, bila kuinua unyayo, akawa nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mumias, mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, kisha akamwandikia jina la mgeni.

Wanaisimu hutofautisha neno lililo wazi na neno lililotiwa alama. Lile lililo wazi hutaja hali inayochukuliwa kuwa ya kawaida. Lile lililotiwa alama hutaja hali inayochukuliwa kuwa ya kando. Husemwa "daktari", halafu husemwa "daktari wa kienyeji". Husemwa "soka", halafu husemwa "soka ya wanawake". Alama huwekwa pale ambapo msemaji anaona upungufu. Katika Mumias, mtu wa kawaida kabisa, yule aliyekuwako kabla ya kiwanda na ambaye idadi yake ilifikia makumi ya maelfu, ndiye aliyetiwa alama. Shamba la kampuni, ambalo ndilo lililokuwa jambo jipya katika nchi, ndilo lililofanywa kipimo. Istilahi imepinduliwa, miguu juu na kichwa chini.

"Nje" ya Waswahili

Tumesema kwamba tafsiri ya "mkulima wa nje" imetii mno. Sasa tuongeze kwamba, baada ya kutii, imemwongezea mkulima mzigo ambao hata Kiingereza hakikumtwika. Neno "nje" katika Kiswahili si kielezi cha mahali tu. Mtoto wa nje ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye siku ya kugawa urithi huulizwa ushahidi. Mwanamume mwenye mambo ya nje si msafiri. Ni mtu mwenye kumficha mkewe jambo. Mtu wa nje ni yule ambaye akifika wenye nyumba hubadilisha mazungumzo. Nje hulala mbwa. Nje hutupwa taka. Ndani ndimo mlimo na heshima, siri na haki.

Kwa hiyo tunapomwita mtu "mkulima wa nje" tunamweka, tupende tusipende, katika safu ya mtoto wa nje. Naye ametendewa vivyo hivyo. Mtoto wa nje husaidiwa kwa hisani, hadai kwa haki. Katika miaka ya mwisho kabla kampuni haijawekwa chini ya mrasimu mwezi Septemba mwaka 2019, wakulima waliokuwa wamekwisha kuitoa miwa yao walisubiri malipo kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Malipo yalipotoka hazina ya serikali yalitangazwa hadharani kwa lugha ya msaada. Hayakuwa msaada. Yalikuwa deni. Lakini nani amesikia mtu wa nje akidai? Mtu wa nje huomba.

Hatudai kwamba neno ndilo lililochelewesha fedha. Waliochelewesha fedha ni watu, na sababu zake zimejadiliwa bungeni na mahakamani. Tunachodai ni kwamba neno liliwaandalia watu hao masikio ya kutosikia. Deni la mtu wa ndani ni aibu. Deni la mtu wa nje ni taarifa.

Msamiati wa Karatasi

Mtu akitaka kuona jinsi istilahi hii inavyofanya kazi na wenzake, aisome karatasi ya hesabu aliyokuwa akipewa mkulima baada ya mavuno. Utaratibu ulikuwa hivi. Kampuni ilimlimia mkulima shamba kwa trekta, ikampa mbegu za miwa na mbolea, ikaleta wakataji, ikaisafirisha miwa hadi kiwandani, na ikaipima kwa mizani yake yenyewe. Muwa wa kwanza huchukua miezi ipatayo 18 hadi 24 kukomaa. Katika muda huo wote gharama zote zilikuwa zikiandikwa, pamoja na riba. Siku ya malipo gharama hizo zilikatwa kwanza, na mkulima akapewa salio. Yako mavuno ambayo salio lilikuwa chini ya sifuri: mtu alingoja karibu miaka miwili, akatoa tani za miwa, kisha akapewa karatasi inayomwarifu kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Karatasi hiyo ni matini, nayo inastahili kuhakikiwa kama matini yoyote. Kila kitenzi chake kina mtenda mmoja: kampuni imelima, kampuni imetoa, kampuni imesafirisha, kampuni imekata. Mkulima hatokei kama mtenda mahali popote. Jasho la palizi halina safu yake. Palizi ya mke wake haina safu kabisa. Anayeitwa mkulima, tena wa nje, hana hata kitenzi kimoja cha kulima katika maandishi yanayolihusu shamba lake. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini ilikuwa lazima awe wa nje. Angekuwa ndani, mtu angeuliza yuko wapi katika hadithi hii.

Ndugu mwingine wa istilahi hii ni "cane poaching". Katika Kiingereza cha zamani "poacher" ni mtu aliyenasa sungura au paa katika msitu wa bwana. Neno hilo lilimfanya mnyama wa mwituni awe mali ya mwenye msitu. Likahamishiwa katika miwa: kiwanda kimoja kikinunua miwa iliyotunzwa kwa mkopo wa kiwanda kingine, husemwa kimefanya ujangili. Tukubali kwamba kiwanda kilichotoa mbegu na mbolea kina dai la haki, na kwamba mkataba ukivunjwa kuna aliyepunjwa. Lakini dai hilo ni la mkopo, na mkopo hudaiwa kama mkopo. Neno la ujangili halidai mkopo. Linadai muwa wenyewe, tangu ukiwa shambani, kana kwamba ni paa wa mfalme. Na mkulima aliyeuuza muwa ulioota katika ardhi ya baba yake, kwa kuwa aliyeandikiana naye hajamlipa wa mwaka juzi, huonekana mshirika wa majangili. "Mkulima wa nje" na "ujangili wa miwa" ni mapacha. La kwanza linamtoa mtu nje ya shamba lake. La pili linamkamata akirudi ndani.

Tuzo na Muwa

Wapo wenzetu katika idara za fasihi watakaosema kwamba haya ni mambo ya wachumi, na kwamba jarida la uhakiki lijishughulishe na tamthilia na mashairi. Kwao tuna jibu fupi la kihistoria. Kampuni ya Booker McConnell, ambayo jina lake limo katika misingi ya kiwanda cha Mumias, ndiyo iliyoanzisha tuzo ya riwaya ya Kiingereza inayojulikana kwa jina la Booker, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Utajiri wa kampuni hiyo ulikuwa umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mashamba ya miwa ya Guyana, nchi ambayo katika enzi za ukoloni wenyeji waliitania kuwa ni Guyana ya Booker. Mwaka 1972 mwandishi John Berger alishinda tuzo hiyo kwa riwaya yake iitwayo G. Aliposimama kupokea fedha alisema waziwazi kwamba zilitokana na unyonyaji wa watu wa Karibi, akatangaza kuwa nusu yake atawapa Black Panther wa Uingereza.

Mwaka huohuo wa 1972, kampuni ileile ikiwa na usimamizi Mumias, kiwanda kilikuwa mbioni kukamilika. Basi mtu asituambie kwamba muwa na riwaya havijuani. Wamekula sahani moja. Berger, Mwingereza, aliona kwamba hawezi kuipokea tuzo bila kuuliza tamu hiyo imetoka kwa nani. Sisi tunaoishi karibu na shamba lenyewe tunaona haya kuuliza neno moja limetoka wapi.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe imekwisha kutuonyesha njia. Shafi Adam Shafi alipoiita riwaya yake Kuli, mwaka 1979, alilichukua neno la dharau lililokuja na meli, akalirudisha mikononi mwa waliotukanwa nalo, na kulifunga na historia ya mgomo wa wapagazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Baada ya riwaya ile neno "kuli" halisomeki tena kama lilivyosomeka katika vitabu vya bwana. Katama Mkangi, mwaka 1995, alikwenda mbali zaidi. Aliunda neno ambatano lake mwenyewe, Walenisi, kwa kuunganisha "wale ni sisi". Hebu tuliweke neno hilo ubavuni mwa "outgrower". Maneno yote mawili ni ambatano. Yote mawili yanahusu mpaka kati ya walio huku na walio kule. La Kiingereza linachukua watu waliokuwa sisi na kuwafanya wale. La Mkangi linachukua wale na kuwafanya sisi. Lugha inayoweza kuzaa Walenisi haina udhuru wa kubeba "mkulima wa nje" mgongoni.

Majibu kwa Wapinzani

Pingamizi la kwanza tunalolitarajia ni la mtafsiri. Atasema: neno hili ni la kiufundi, halina hukumu ndani yake, linataja tu kwamba shamba la mtu huyu liko nje ya mipaka ya shamba la kampuni. Tunamjibu kwamba mpaka una pande mbili, na kila upande unaweza kuuita mwingine nje. Shamba la kampuni nalo liko nje ya mashamba ya vijiji. Mbona halikuitwa shamba la nje? Istilahi inayoweza kugeuzwa lakini haikugeuzwa hata siku moja imekwisha kuchagua upande.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutolewa na wakulima wenyewe. Watasema: tuiteni mtakavyo, ilmuradi mtulipe. Jina halinunui unga. Hatuna budi kuliheshimu neno hilo, kwa kuwa limesemwa na mwenye njaa. Tena kuna mfano unaolitia nguvu. Wakulima wadogo wa majani chai, waliounganishwa katika mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa kupitia hisa za wakulima hao, waliitwa wakulima tu, pasipo alama. Mpango wao haukuwa na shamba la kiini. Nao pia, kwa miaka mingi, wamelalamikia malipo na usimamizi. Kwa hiyo jina safi si kinga.

Lakini mfano huohuo unathibitisha upande wetu pia. Mkulima wa chai anapolalamika hulalamika kama mwenye mali aliyepunjwa na wasimamizi wake. Huuliza hesabu za kampuni yake. Mkulima wa muwa wa Mumias alilalamika kama mtu aliye mlangoni.  Jina halimpi mtu mali, lakini humwambia kama ana haki ya kuiuliza. Kwa hiyo anayesema "nilipeni kwanza" na anayesema "niiteni kwa jina langu" hawapingani. Wa pili anaeleza kwa nini wa kwanza hasikilizwi.

Pingamizi la tatu ni la mwanasheria. Atasema kwamba neno limo katika sheria, mathalani Sheria ya Sukari ya mwaka 2001, na kwamba kulibadilisha kutaleta utata. Jibu letu ni kwamba sheria hubadilishwa. Ile ya 2001 ilikwisha kufutwa, na mwaka 2024 Bunge lilitunga nyingine. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, wanaoandika sheria kwa lugha hii hawana wajibu wa kumfuata Mwingereza hata shimoni.

Pendekezo

Kukosoa bila kupendekeza ni kubomoa nyumba usiku wa mvua. Tafsiri mbadala zinazotajwa mara kwa mara ni mbili, nazo hazitoshi. "Mkulima mdogo" inampima mtu kwa eka zake, na katika Kiswahili udogo huteleza upesi kutoka katika shamba hadi katika mtu mwenyewe. "Mkulima wa mkataba" ni afadhali, kwa sababu angalau inakiri kwamba zipo pande mbili. Lakini inamtia alama yule asiyeuandika mkataba na kumwacha wazi yule aliyeuandika. Kiwanda nacho kimo katika mkataba huohuo, wala hakiitwi kiwanda cha mkataba.

Tunapendekeza alama ihamishwe. Anayelima miwa aitwe mkulima wa miwa, basi, bila nyongeza. Shamba linalomilikiwa na kiwanda ndilo lipewe nyongeza: shamba la kampuni, wala si la kiini. Miwa ya humo iitwe miwa ya kampuni. Ikiwa pana haja ya kutofautisha katika takwimu, tofauti itaonekana papo hapo, na itaonekana mahali inapostahili. Hakuna istilahi mpya inayohitajika, wala kamati, wala kamusi. Panahitajika kuacha kusema neno moja.

Hitimisho

Historia yenyewe imekwisha kulihukumu neno hili kwa ukali kuliko tuwezavyo sisi. Mitambo ya Mumias ilinyamaza kabla hata mrasimu hajaingia mwaka 2019. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kundi la Sarrai kutoka Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani. Katika kipindi chote hicho kiini kilikuwa kimekufa, au kimelala, au kikigombewa. Walioitwa wa nje hawakufa. Walibaki katika ardhi zao, baadhi wakang'oa miwa na kupanda mahindi, baadhi wakauzia viwanda vingine, baadhi wakapeleka kwenye vinu vya sukari guru. Nadharia ya kiini na nje ilisema kwamba wao wanaishi kwa sababu kiini kipo. Kiini kilipotoweka, ilibainika nani alikuwa akimlisha nani.

Swali letu la mwanzo basi lingali palepale, nasi tunawaachia watafsiri, watunga sheria na wahariri wa habari walijibu kabla hawajaliandika neno hili tena: nje ya nini? Kama wana jibu, walitaje hadharani ili mwenye shamba alisikie. Kama hawana, wamwite mkulima.